Kidonge cha usiku, usingizi wa mchana

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Bukavu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nimepewa dawa ya sonona, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita mawazo mengi, moyo umeanza kutulia, lakini sasa mchana nasinzia. Tumechagua chache, tumezifupisha, na kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi tumekiondoa. Wanaojibu ni wauguzi na mfamasia wanaoshughulika na dawa hizi kila siku. Majina ya dawa tumeyaandika kwa Kiswahili. Kwenye pakiti utayakuta kwa Kifaransa (amitriptyline, fluoxétine, sertraline), kwa hiyo soma pakiti yako kwanza ujue ni jibu lipi linakuhusu.

Nauza nyanya na vitunguu soko la Kadutu. Nina wiki 3 na amitriptilini ya miligramu 25: kidonge 1 asubuhi, kingine saa 4 usiku. Naamka saa 10 alfajiri. Ikifika saa 5 mchana shingo inalegea kabisa. Juzi niliposhtuka, beseni la nyanya lilikuwa limebaki nusu. Siku hizi Jumamosi na Jumapili simezi ili mwili upumzike, lakini Jumatatu ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Niache?

Pole sana, Mama. Usiache, na usiruke siku. Shida yako ina dawa, tena si ya gharama.

Amitriptilini hufanya kazi zaidi ya moja mwilini. Ile tunayoitaka, ya kuinua moyo, hujitokeza polepole, kati ya wiki ya 2 na ya 4. Nyingine ni kuzuia histamini kufanya kazi yake katika ubongo, na histamini ni mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho. Ndiyo sababu hata vidonge vya mafua na vya mwasho humlaza mtu. Kazi hii ya pili haisubiri wiki 2, huanza siku ile ile ya kwanza. Basi mgonjwa hulipa kabla ya kupata, na wengi huacha dawa siku chache tu kabla haijaanza kuwafaa. Kwa watu wengi usingizi huo hupungua wenyewe ndani ya wiki 1 au 2, kwa sharti kwamba dawa imezwe kila siku bila kuruka.

Hapo ndipo Jumamosi na Jumapili zinapokuumiza. Ukiruka siku 2 kiwango cha dawa katika damu hushuka, na mazoea ambayo mwili ulikuwa unayajenga huvunjika. Jumatatu unaanza upya. Wengine wakiruka hupata pia kichefuchefu, jasho, ndoto kali na hasira za bure, wakadhani ugonjwa umerudi.

Kosa kubwa zaidi ni kidonge cha asubuhi. Kumgawia mgonjwa amitriptilini asubuhi na jioni ni desturi ya zamani. Dawa hii inahitaji saa 10 hadi 28 kabla nusu yake haijatoka mwilini, kwa hiyo dozi 1 kwa siku inatosha kabisa, na mahali pake ni jioni. Ukiigawa hupunguzi usingizi, unausogeza tu hadi sokoni. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie hivi: "Nameza 25 asubuhi na 25 usiku, nasinzia saa 5 mchana. Naweza kumeza 50 zote jioni?" Ni swali fupi ambalo halihitaji kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (OMS) unasema mtu mzima aanze na miligramu 25 hadi 50 wakati wa kulala, kisha aongezewe 25 hadi 50 kila wiki kadiri anavyostahimili, kuelekea 100 hadi 150. Tunasisitiza *anavyostahimili*: anayesinzia sana apandishwe polepole, hakuna haraka.

Tunakuja kwenye saa. Ukimeza saa 4 usiku, dawa hufika kileleni baada ya saa kadhaa, kwa wengi kama 4 hivi. Hiyo ni saa 8 usiku, nawe saa 10 unaamka kuwahi mizigo. Unaamka dawa ikiwa bado juu. Meza saa 1 jioni au saa 2 usiku, ulale mapema. Ila maliza kwanza kazi zote: watoto wale, mbabula (jiko la makaa) izimwe, mlango ufungwe, ndipo umeze. Ukimeza halafu urudi kupika, katika saa 1 au 2 zinazofuata unaweza kusinzia mbele ya moto. Ukisahau kumeza usiku, usifidie asubuhi wala usimeze mara 2 kesho yake. Endelea tu na dozi ya jioni inayofuata.

Dawa hii hushusha pia presha mtu anaposimama ghafla. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, sogeza miguu, ndipo usimame, hasa unapokwenda choo gizani. Kadutu ni ngazi na miteremko mitupu. Kuanguka huko si jambo dogo.

Sokoni, mwombe jirani wa meza akulindie mali kwa dakika 20, kama saa 7 mchana, ulale kwa kuweka simu ikuamshe. Usipitishe nusu saa: ukizama katika usingizi mzito utaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Na bugali la mchana lipunguze. Donge kubwa lenye mchuzi kidogo huleta uzito wa alasiri hata kwa asiyemeza dawa yoyote. Nusu ya donge na maharage au sambaza, wale samaki wadogo, litakushibisha vizuri.

Chukua daftari la mtoto, uchore safu 5 kwa siku 7: saa uliyomeza, saa uliyolala, saa uliyoamka, usingizi wa saa 4 asubuhi na wa saa 9 mchana, hizi mbili kwa alama 0 hadi 10. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko kumwambia "nasinzia sana". Kama baada ya wiki 2 za kumeza jioni alama bado ni 7 au 8, ndipo muongee juu ya kupunguza dozi au kuhamia dawa isiyolaza, kama fluoksetini au sertralini.

Nafundisha darasa la 4 huko Bagira. Nameza fluoksetini ya miligramu 20. Jirani aliniambia dawa za kichwa zote ni za usiku, basi nameza saa 3. Nageuka-geuka kitandani hadi saa 8, halafu mchana nasinzia wanafunzi wakiandika.

Mwalimu, dalili yako inafanana na ya mama wa Kadutu lakini chanzo ni kinyume. Fluoksetini kwa kawaida huchangamsha. Kusinzia kwako ni deni la usiku.

Jinsi ya kutofautisha ni kuhesabu. Anayelala saa 7 au 8 mfululizo na bado anasinzia mchana, hapo dawa yenyewe ndiyo inayomlaza. Wako wachache wanaolazwa na fluoksetini, na hao ndio wanaofaa kuimeza usiku. Anayelala kwa saa 4 tu kama wewe anahitaji usiku wake urudi. Hamishia dawa asubuhi, saa 1, baada ya chai au uji ili tumbo lisichafuke. Siku ya kuhama usimeze mbili: kama umemeza Alhamisi usiku, Ijumaa usiku acha, Jumamosi asubuhi anza. Pengo hilo halina madhara kwa dawa hii, kwa sababu hukaa mwilini siku nyingi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo usitegemee kuona tofauti kesho yake. Jipe wiki 2. Ikiwa usiku bado ni mbaya, rudi kwa daktari, maana kukosa usingizi kunaweza kuwa sonona yenyewe inayosema bado haijapoa.

Bukavu jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Toka nje mapema, utembee dakika 20 au 30 kwenye mwanga. Ndio unaoipangia akili saa ya kulala jioni. Na usilale baada ya shule, hata kama godoro linakuita.

Jambo moja usilichukulie kirahisi: kama unalala kidogo *na huchoki*, unaongea haraka, una mipango mingi kupita kawaida yako na unatumia pesa hovyo, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Hapo dawa inaweza kuwa imefunua ugonjwa mwingine, unaotaka tiba tofauti.

Mimi ni motari, nabeba watu kwa moto (pikipiki). Nimeandikiwa amitriptilini. Nisiendeshe siku ngapi?

Ndugu yetu, angalau wiki 2 za kwanza, na siku 7 kila dozi inapopandishwa. Tunajua maana yake mfukoni. Lakini mtu anayesinzia haoni kwamba anasinzia, hilo ndilo baya lake. Macho yako wazi, mkono uko kwenye gesi, na akili imeondoka kwa sekunde 3. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 3 ni mita 33. Kwenye kona za Ngomo, barabara ya Kamanyola, mita 33 ni bonde.

Baada ya muda huo jipime bila abiria, mchana, barabara unayoijua. Ukifika mahali na hukumbuki ulivyopita pa nyuma, ukipiga miayo mfululizo, ukiona shimo ukiwa umeshaliingia, bado. Kahawa hufungua macho tu. Mkono hubaki mzito wa kushika breki.

Kilichokosekana kwako ni neno moja wakati wa kuandikiwa: "Naendesha moto." Rudi ulitamke. Mara nyingi kwa dereva huanzwa fluoksetini au sertralini, si amitriptilini, isipokuwa kuna sababu nyingine. Hata hizo nazo, subiri siku chache ujione kabla ya kubeba mtu.

Nalinda nyumba Muhumba, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Ordonansi inasema amitriptilini 25 "usiku". Nikimeza saa 2 usiku nalala kwenye kiti, na bosi ameshanionya mara 2.

Papa, aliyeandika "usiku" alimaanisha kabla ya usingizi mrefu wa siku. Kwako usingizi huo ni wa mchana, naye hakujua kazi yako. Mwambie, kisha mkubaliane uhamie asubuhi.

Kuhama kwenyewe: ukiwa umemeza mara ya mwisho Jumapili saa 2 usiku, usimeze Jumatatu asubuhi, maana zitakuwa dozi 2 ndani ya saa 11. Subiri Jumanne saa 1 asubuhi. Mezea nyumbani, si kazini kabla ya kupanda moto. Ule kidogo, ulale saa 2 hadi saa 9 au 10. Dirisha lizibe kwa blanketi au kitenge kizito, simu ukaizime, na watoto waambiwe kwamba saa hizo baba yuko katika usiku wake.

Siku za mapumziko ndizo zinazoharibu mpango. Sentineli wengi wakipata siku 2 hurudi kumeza usiku, kisha Jumatatu asubuhi tena, na mwili haujui uko wapi. Shika saa ile ile ya asubuhi. Siku hizo lala walau hadi saa 6 mchana, kisha usiku lala na familia.

Lakini hatutakuficha: hii ni kiraka. Usingizi wa mchana huwa mfupi kuliko wa usiku, na kazi ya usiku yenyewe huisukuma sonona. Kama bosi anaweza kukupa zamu ya mchana kwa miezi michache, iombe, hata kwa karatasi ya daktari isiyotaja ugonjwa, inayosema tu "kazi ya mchana kwa sababu za afya".

Ni mwanafunzi, nameza amitriptilini. Nikinywa kahawa vikombe 5 na kinywaji cha nguvu nabaki macho. Jumamosi nanyonya bia 2 na marafiki. Wiki iliyopita nilikuwa na mafua, nikameza vidonge vya farmasi, nikalala hadi saa 8 mchana. Kulitokea nini?

Mdogo wetu, kulitokea mrundikano. Vidonge vingi vya mafua vina klorfeniramini, na sirapu nyingi za kikohozi zina prometazini, ile ya Phenergan. Zote huzuia histamini ile ile tuliyoisema hapo juu, kwa hiyo ulimeza dozi ya pili ya usingizi bila kujua. Mwenye farmasi aambiwe kila mara: "Nameza amitriptilini." Mafua yanaweza kutulizwa kwa parasetamoli, maji ya moto na chumvi ya kusukutua. Mkali zaidi ni diazepamu, Valium, ambayo mabaki yake hukaa siku kadhaa: anayeimeza kila usiku hujikuta na akiba inayoongezeka. Na tramadoli usiiguse kabisa bila daktari. Pamoja na dawa hizi za sonona inaweza kuleta degedege, au homa, kutetemeka, jasho na kuhara, hali inayoweza kuua.

Kahawa ya Kivu ni nzuri na hatuikatazi. Nusu ya nguvu yake hukaa mwilini kama saa 5. Kikombe cha saa 11 jioni, hadi saa 4 usiku nusu yake bado inafanya kazi, na usiku ukiharibika kesho utataka vikombe 6. Vikombe 2 vinatosha, vyote kabla ya saa 6 mchana. Kuna ujanja mmoja unaofaa wakati wa mitihani: kunywa kikombe cha pili upesi, lala papo hapo dakika 15 hadi 20, na utaamka kahawa inapoanza kufanya kazi. Vinywaji vya nguvu viache. Amitriptilini peke yake huukimbiza moyo, na chupa hizo huuongezea mbio.

Juu ya bia: pombe na dawa hii hazijumlishwi tu, huzidishana. Chupa kubwa moja huchukua ini saa 3 hadi 4 kuimaliza. Bia 2 za saa 3 usiku, kisha kidonge saa 4, maana yake unalala ukiwa na vyote viwili damuni. Kasiksi na lotoko, pombe za kienyeji, ni mbaya zaidi kwa kuwa nguvu yake hubadilika mtungi kwa mtungi. Usiruke kidonge ili unywe, ruka bia.

Nina mtoto wa miezi 2 na nimeanza amitriptilini 25 usiku. Mama mkwe anasema maziwa yangu yanamlevya mtoto. Na kweli, usiku akilia simsikii.

Hongera kwa mtoto, Mama, na pole. Dawa inayopita katika maziwa ni kidogo sana, na mama aliyepona ana faida kubwa kwa mtoto. Endelea kunyonyesha na kumeza. Ukipenda, mnyonyeshe kwanza, ndipo umeze. Kinachoepukwa kwa anayenyonyesha ni fluoksetini, kwa kuwa hukaa muda mrefu na inaweza kujikusanya kwa mtoto. Sertralini ikipatikana ndiyo inayopendelewa. Mtazame mtoto: akiwa mgumu kuamka, anaacha kunyonya au mwili umelegea kama kitambaa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo.

Hatari kubwa haiko kwenye maziwa, iko kitandani. Usilale naye kitanda kimoja ukiwa umemeza dawa; unaweza kumgeukia bila kuhisi. Mlaze karibu, kwenye godoro lake gumu. Na kwa Mama mkwe, kwa heshima: hapa ndipo tunakuhitaji. Akilia usiku, mwinue wewe, umletee mama yake akiwa ameketi, si amelala, ukae naye hadi amalize, kisha umrudishe mahali pake.

Mama yangu ana miaka 68. Ana wiki 2 na fluoksetini, na anameza pia dawa ya presha inayomfanya akojoe sana. Siku 3 hizi analala mchana kutwa na anachanganya majina yetu.

Dada, mpeleke leo, usisubiri miadi. Kwa wazee fluoksetini na jamaa zake zinaweza kushusha sodiamu katika damu, na dawa ya presha ya kukojoza huongeza hatari hiyo. Dalili zake ni usingizi, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma, kichefuchefu, mwisho degedege. Omba kipimo cha damu kiitwacho ionogramu, na ubebe dawa zake zote ndani ya mfuko. Usimlazimishe maji mengi wala kumpa chumvi ukidhani unatibu. Maji mengi huishusha sodiamu zaidi.

Miezi 5 amitriptilini haikunisumbua. Wiki 2 hizi nasinzia tena, na dozi haijabadilika.

Una hakika haijabadilika? Anza hapo. Farmasi nyingi hukata plaketi kwa mkasi na kukupa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, jina limeandikwa kwa kalamu au halikuandikwa. Dawa ikiisha, huletwa ya kiwanda kingine, rangi nyingine, na pengine kidonge ni cha 50 au 75 badala ya 25. Omba kuona plaketi nzima, usome maandishi ya nyuma: jina, kisha namba iliyo mbele ya "mg". Kipande cha plaketi kisichosomeka usikipokee.

Kama namba ni ile ile, ulizia kilichoongezeka. Malaria huleta uchovu, na hapa lazima tukuonye: Coartem, dawa ya malaria, na amitriptilini hazipatani vizuri, kwani moja huweza kupandisha kiwango cha nyingine na zote hugusa mapigo ya moyo. Usinunue mwenyewe; pima kwanza, na anayekutibu ajue unameza nini. Ukiongezewa fluoksetini juu ya amitriptilini, nayo huzuia ini kuivunja, na dozi ile ile huwa kama imepanda.

Kisha damu: hemoglobini ikiwa chini mtu husinzia bila dawa yoyote, hasa wanawake wenye hedhi nzito. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole huleta usingizi, baridi, kunenepa na hata huzuni. Ndugu zetu wa Idjwi wanalijua rovu, uvimbe wa tezi hiyo, tangu zamani. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usiku naye halali, hata akikaa kitandani saa 9. Na kama baridi ya juu milimani inakufanya uingize mbabula chumbani, itoe. Moshi wa makaa usioonekana huleta kichwa kizito asubuhi, na mtu aliyelazwa na dawa hataamka kuukimbia.

Dada yangu, wa Panzi, ana wiki 1 na amitriptilini. Analala kutwa. Jana alisema: "Natamani nilale tu nisiamke." Ni dawa inaongea?

Kaka, tumeiweka barua yako mwisho lakini wewe fanya haraka kuliko wote. Muulize leo, mkiwa wawili, kwa maneno yasiyozunguka: "Unawaza kufa? Unawaza kujiua? Umeshapanga namna?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, humpa mlango. Wiki za mwanzo mwili unaweza kupata nguvu kabla huzuni haijaondoka, na ni wakati wa kukaa karibu.

Akikubali, asibaki peke yake hata kwenda choo, na mpeleke siku hiyo kwenye hospitali iliyo karibu au kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME. Wasomaji wa Goma, kwenu ni Tulizo Letu. Vidonge vyote vya nyumbani ushike wewe, vya kwake na vya presha ya baba na vya nani, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mpe cha siku moja, umwone akimeza. Farmasini uchukue vya wiki 1, si vya miezi 3, kwa sababu amitriptilini ikizidi huharibu mapigo ya moyo upesi.

Ukimkuta haamki, au ukihisi amemeza vingi hata kama bado anaongea vizuri, usisubiri uone kama usingizi utaisha, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mlaze ubavu, tafuta gari na si moto, na mkononi beba kila plaketi na bahasha utakayoipata, hata tupu, ili wanaompokea wahesabu vilivyokosekana na wajue tangu saa ngapi.